mishahara_mpya_final2_KWELI.php: nyie mnaoyapa mafaili majina mna roho gani?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nipo Kampala, kwenye kaofisi kanakotengeneza programu za mishahara na hesabu kwa wafanyabiashara wadogo: wenye maduka Kikuubo, vipuri, saluni, shule binafsi. Kazi yenyewe siyo mbaya. Kinachoniua ni majina.

Fungua folda la mteja mmoja tu. Kuna mishahara.php, mishahara2.php, mishahara_mpya.php, hilo la final2_KWELI, kisha omusaala.php ya jamaa aliyependa kuandika kwa Kiganda, na payroll_old_USIFUTE.php. Linalofanya kazi ni lipi? Hakuna ajuaye. Aliyeyaandika yuko Nairobi siku hizi, simu hapokei. Na hilo la "old" usithubutu kuligusa, maana ndilo linaloitwa na mengine yote. Git ipo tangu 2005, inatunza kila toleo na nani alibadilisha nini, sisi bado tunabandika "final2" kwenye jina kama mwanafunzi anayepeleka insha.

Sasa sikieni lililonifanya nifungue uzi huu. Seva yetu ni Linux, ofisini karibu wote wanatumia Windows. Kwa Windows, Ripoti_NSSF.php na ripoti_nssf.php ni faili lilelile. Kwa Linux ni mawili, yanakaa folda moja bila kugombana. Mwenzetu akalirekebisha faili la michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na katika kulirekebisha akaona jina linapendeza zaidi likianza na herufi kubwa. Akalipandisha seva kwa mkono. La zamani likabaki palepale, na programu inayojiendesha usiku kuandaa orodha za michango ikaendelea kuliita lile la herufi ndogo. Ukija kuchunguza, unanakili folda kutoka seva kuja Windows, moja linalifunika jingine, unabaki na faili moja. Kwangu lilibaki jipya. Basi nimekaa nasoma msimbo ulio sahihi kabisa, huku seva inaendesha mwingine.

Na lile la zamani lilikuwa na nini? Sharti la kumruka mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya watano. Hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Tangu mabadiliko ya 2022 kila mwajiri anachangia NSSF hata akiwa na mfanyakazi mmoja, yeye asilimia 10, mfanyakazi anakatwa 5. Kwa hiyo hati za mshahara zilionyesha ile 5 imekatwa, na orodha ya michango ikatoka tupu. Tarehe 15, siku ya mwisho ya kupeleka michango, ikapita. Mama mmoja mwenye saluni akanipigia mimi, siyo aliyepanga herufi: "Ssebo, pesa za wasichana wangu mmezipeleka wapi?" Umjibu nini? Umwambie kosa ni R kubwa?

Bado. Kuna mwingine, wa Mac, aliita faili con.php kwa kuwa linahusu "contributions". CON ni jina ambalo Windows imelizuia tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, lilikuwa la kioo na kibodi, na ukiliongezea .php halisaidii kitu. Watu wa Windows wakashindwa kuvuta kazi kutoka kwenye Git, asubuhi nzima ikaishia kulaumu intaneti.

Wazee wa DOS walikuwa na herufi 8 za jina na 3 baada ya nukta, basi. Majina marefu yalikuja na Windows 95. Namfahamu mzee aliyekuwa akiandika programu za AS/400, zile kompyuta za IBM, benki, huko jina haliruhusiwi kuzidi herufi 10. Daftari lake lina MSH010 ya kuingiza, MSH020 ya kukokotoa, MSH030 ya kuchapa. Anaruka kumi kumi ili ikiongezeka hatua katikati ipate pa kukaa. Siwadanganyi kwamba nayapenda majina hayo, MSH025 haimwambii mgeni chochote bila daftari. Ila daftari lilikuwepo! Sisi Linux imetupa hadi baiti 255 kwa jina moja, tunaandika test1.

Nikampelekea bosi pendekezo la ukurasa mmoja. Herufi ndogo tupu, kistari cha chini badala ya nafasi, lugha moja, kitu kitangulie kitendo: mishahara_kokotoa, mishahara_chapa, ili yakipangwa yakae pamoja. Tarehe ianze na mwaka, 2025-03-12, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyotaka, kwa sababu 12-03-25 kwetu ni Machi na kwa Mmarekani ni Desemba. Akanijibu kwamba mteja halipii majina. Halipii? Analipa, tena ghali, kila mtu anapokaa siku nzima kutafuta faili lipi ndilo lenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye ankara tunaandika "matengenezo".

Na nyie wakongwe wa "kila mtu na staili yake", staili yako kaifanyie kwako. Lugha ya Java haina mchezo huo: darasa la umma (public class) likiitwa Mshahara, faili lisipoitwa Mshahara.java halikompaili. PHP imewaachia, mkadhani ni ruhusa.

Nauliza hivi. Kama ofisini kwenu kuna kanuni ya majina inayofuatwa kweli, mnailazimishaje? Nimeona mahali wameweka ukaguzi kwenye Git unaolikataa faili lenye herufi kubwa au nafasi kabla halijapanda. Mwenye nao aniwekee hapa, nitauwasha usiku bila kumwomba mtu. Atakayekuja kuniambia hili ni suala la mawasiliano kwenye timu, apite tu.