Sungura ana upele masikioni, naomba kipimo cha ivamektini

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nina sungura jike wa kilo 2, namfuga ndani. Masikio yamejaa magamba ya kahawia, anajikuna mpaka damu. Tangu asubuhi amegoma kula, kajikunyata kwenye kona. Nimeshanunua ivamektini, ile dawa ya kuua wadudu wa ngozi, ya sindano ya asilimia 1. Nisaidieni kipimo tu, nimchome leo usiku.

Mzee wa Mabanda: Huo ni utitiri wa masikio. Anza na banda. Utitiri huishi hadi wiki 3 bila mnyama, kwa hiyo ukimtibu ukamrudisha kwenye nyasi zilezile, kazi bure. Nyasi za zamani zichome, mbao zisugue kwa maji ya moto, anika juani. Magamba usiyabandue, chini yake ni kidonda kibichi. Dawa ikishika yanadondoka yenyewe.

Mama Tunu: Chumba chenyewe kina hewa? Sungura hatoi jasho, joto likipita nyuzi 30 anaumia. Gandisha maji kwenye chupa, izungushie kitambaa, iweke alalie karibu. Watu mnaleta kiumbe nyumbani kabla ya kujua anaishije, hii si haki kabisa.

Bwana Mifugo: Kipimo ni mg 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo. Dawa ya asilimia 1 ina mg 10 kwenye ml 1, hivyo kilo 2 ni ml 0.04 hadi 0.08. Kwa bomba la insulini la ml 1 lenye alama 100 ni alama 4 hadi 8, chini ya ngozi ya shingo, unarudia baada ya siku 14. Ila usichome bado. Upele peke yake haumgomeshi sungura kula ghafla hivyo. Umempaka nini?

Kijana wa Mbagala: Mafuta ya nazi tu.

Bwana Mifugo: Na kabla ya hayo mafuta?

Kijana wa Mbagala: Jana nilimpulizia mgongoni dawa ya viroboto ya mbwa. Kopo limeandikwa mbwa na paka, na muuzaji alisema haina shida. Mwenzake sikumpulizia, anakula vizuri tu. Mimi nauliza sindano jamani.

Bwana Mifugo: Soma kiambata kwenye kopo, yaani jina la dawa yenyewe iliyomo.

Kijana wa Mbagala: Fipronili.

Bwana Mifugo: Weka sindano chini. Fipronili ni sumu kwa sungura: anaacha kula, analegea, kisha degedege, na degedege linaweza kuchelewa hata siku kadhaa. Ivamektini nayo inagusa neva, usimwongezee mzigo. Mwoshe sasa hivi palipopulizwa, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, suuza mpaka povu liishe. Usimtumbukize wala kumlaza chali, na shika makalio yake vizuri, maana akirusha teke anaweza kuvunja uti wa mgongo. Mkaushe kwa taulo hadi manyoya ya ndani. Usihangaike kumtapisha, sungura hatapiki.

Kalamu Nyekundu: Huu uzi wa kutunga. Mwanzo sungura mmoja, sasa wawili. Kwanza nazi, halafu fipronili. Weka picha ya masikio tuone.

Mzee wa Mabanda: Na mimi nimeanza kusita. Mtu gani anasahau sungura wa pili?

Kijana wa Mbagala: Sikusahau, yule haumwi! Ndiyo maana sikumtaja. Wanakaa banda moja, wanalambana kila saa.

Mama Tunu: Kalamu, picha itafuata. Mnyama hasubiri mabishano.

Bwana Mifugo: Wanalambana? Basi huyo wa pili naye yumo hatarini, watenganishe sasa hivi na umwangalie naye. Jike mpe nyasi na majani mabichi. Akikataa, loweka chakula chake cha punje (pelleti) kwa maji kiwe uji, umpe kwa bomba lisilo na sindano, ml 10 hadi 15 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8, pembeni mwa mdomo, taratibu. Akitetemeka au akishindwa kumeza, usimlishe kabisa. Kwa sungura, saa 12 bila kula ni dharura tayari, tumbo linasimama. Mpigie daktari wa mifugo usiku huu na umsomee hilo kopo. Dawa ya kuondoa sumu hii hakuna, ila degedege linazuilika akiwa mikononi mwake.

Kijana wa Mbagala: Maji yako jikoni. Na upele je?

Bwana Mifugo: Utasubiri mpaka ale na anye kawaida. Na wote wawili watachomwa sindano, hata asiye na magamba.