Naomba ushauri: PlayStation 2 kwenye runinga isiyo na matundu ya njano, nyeupe na nyekundu

Ndugu wanachama, nawasalimu na naombeni ushauri wenu. Runinga yetu ya chogo imekufa, na fundi amesema haitengenezeki tena. Nimenunua runinga bapa ya inchi 43, lakini ina matundu ya HDMI peke yake. Nilijaribu kiboksi cha bei nafuu cha kugeuza waya za rangi tatu kwenda HDMI: picha ilitokea, ila ina ukungu, na nikibonyeza kitufe cha kupiga shuti, mchezaji huchelewa hata beki akamfikia. Nimeweka uwiano wa picha wa 4:3 na kuwasha hali ya gemu kwenye runinga, lakini uchelewaji umepungua kidogo tu.

Mashine yenyewe ya gemu ni nzima, na kadi yake ya kuhifadhia gemu, ya megabaiti 8, bado inafungua ligi aliyoiacha marehemu kaka yangu ikiwa katikati, akiwa nafasi ya pili. Ndiyo maana sitaki kuibadilisha.

Je, nikitumia waya wa komponenti, ule wenye vichwa vya kijani, buluu na nyekundu kwa ajili ya picha, pamoja na kigeuzi chake, uchelewaji utaisha, au tatizo liko kwenye runinga? Na ni njia gani salama ya kunakili kadi hiyo kabla haijaharibika?