Asembla inakataa amri za AVX2, nisaidieni wakuu (Tabora)

Kijana wa Isevya: Wakuu, habari za jioni. Nina maktaba ndogo ya C ya kubana picha, tunaiandika vijana wachache hapa Tabora. Nimeongeza sehemu ya AVX2 (amri za prosesa za kuchakata data nyingi kwa mpigo), kwangu inakimbia vizuri sana. Wenzangu wakiijenga, asembla (programu inayogeuza amri kuwa baiti za prosesa) inagoma, inadai amri haipo. Kupakua mfumo mpya hawawezi, bando linawamaliza. Nawasaidiaje? Hata usingizi sipati.

Mzee wa Ujiji: Kijana, fundi asiyejali zana zake si fundi. Sisi huku Kigoma CD ya Linux tuliagiza Dar, tukaenda kuisubiri stesheni treni iingie, na ikifika imekwaruzika. Tuliagiza tena. Ninyi mnalialia bando!

Dada Fundi: Pole mdogo wangu. Programu itaendeshwa kwenye mashine zipi?

Kijana wa Isevya: Hilo si tatizo kwa sasa dada. Tatizo ni kujenga.

Dada Fundi: Nimeuliza mashine zipi.

Kijana wa Isevya: Ni vituo vya kununulia tumbaku. Karani anapiga picha lebo ya kila robota. Baadhi ya mashine zina prosesa za zamani, Core 2 Duo, lakini mteja ameahidi kununua mpya, ndiyo maana njia ya zamani isiyotumia AVX2 nimeshaifuta. AVX2 ipo tangu prosesa za Intel Haswell, 2013. Tutawasubiri hadi lini?

Mnyamwezi Halisi: Mpya zitanunuliwa tumbaku ikishalipwa 😂 Kaa mkao wa kula.

Dada Fundi: Core 2 Duo haina hata AVX ya kwanza. Ikigusa amri hiyo tu, programu inauawa na mfumo, na karani ana foleni ya wakulima mbele yake. Rudisha njia ya zamani. Msimbo wa AVX2 ukae faili lake, hilo peke yake ndilo lijengwe kwa swichi ya -mavx2. Programu ikianza iulize prosesa kwa __builtin_cpu_supports("avx2"), ndipo ichague njia.

Kipanga: Jamani, hii ni chai. Kompaila ya GCC inaijua AVX2 tangu toleo la 4.7, hata Linux ya CentOS 7 ina 4.8.5. Kompaila isiyoijua ingekataa -mavx2 pale pale, asembla isingefikiwa kabisa. Huyu katunga.

Mnyamwezi Halisi: Chai ya rangi, tena bila sukari. Tupeni vitafunwa.

Kijana wa Isevya: Si chai mkuu. Mashine za wenzangu ni CentOS 6, ambayo GCC yake ni 4.4.7. GCC mpya niliwapa mimi kwenye flashi. Binutils sikuweka, nani angedhani inahusika?

Kipanga: Hapo nimekuelewa, na neno la chai nalifuta. GCC inatoa maandishi tu, anayeyageuza kuwa baiti ni asembla, nayo inatoka binutils. Wana kompaila mpya inayoongea na asembla ya zamani. Weka binutils mpya kwenye flashi hiyo hiyo, ikae folda ya nyumbani, GCC ielekezwe huko kwa swichi ya -B. Mfumo hauguswi, na bando halitumiki.

Mzee wa Ujiji: Si aandike baiti moja kwa moja? Kerneli (kiini) ya Linux iliiandika RDRAND, amri ya namba nasibu, hivyo: .byte 0x0f, 0xc7, 0xf0. Asembla haiulizwi kitu.

Kipanga: Kwa amri moja sawa mzee wangu. Kwa AVX2 rejista (visanduku vya data ndani ya prosesa) zimo ndani ya baiti zenyewe, akibadilisha rejista anaandika upya. Atazeeka.

Kijana wa Isevya: Binutils nawapelekea kesho. Ila njia ya zamani inanipa kazi mara mbili, na mteja ameshasema atanunua.

Dada Fundi: Akinunua, utaifuta. Leo hajanunua.

Kijana wa Isevya: Haya dada, nairudisha usiku huu. Mashine yenye AVX2 itapita huko, nyingine zitapita C ya kawaida.

Dada Fundi: Na uijaribu kwenye Core 2 Duo yenyewe kabla haijafika kituoni.

Kijana wa Isevya: Jirani yangu wa stashonari anayo, nitamwomba akifunga duka.