Mji "umefurika", au mto ndio uliofurika?

Mhariri_Usiku: Kila masika kichwa cha habari "Jangwani yafurika", yaani eneo la Jangwani, Dar es Salaam, kinazua ubishi. Wengine hukifuta: kilichofurika ni Mto Msimbazi, si Jangwani. Mnasemaje?

Kiambishi: Kufurika ni kuvuka ukingo. Mto una ukingo, sufuria ina ukingo, mtaa hauna. Jaribu kutendwa: "Jangwani imefurikwa na maji". Ulimi unakataa. Andika "maji yaingia Jangwani". Na kwa kushindwa na wingi wa kitu, msituletee "nimelemewa" ya Nairobi. Huko kazi, mtihani, hata ngazi, vyote vinawalemea.

Pasua_Mbao: Basi "uwanja umefurika watu" nayo ni kosa? Ni muundo uleule wa "ndoo imejaa maji": chombo mbele, kilichomo nyuma. "Jangwani yafurika maji", kwisha.

Wa_Kisauni: Ngoja kwanza, Nairobi imeingiaje hapa? Lemea ni kukalia kitu kwa uzito. Mzigo humlemea punda, deni humlemea mtu. Kiswahili safi hicho. Nyinyi mnaozidiwa hata na foleni ya benki ndio mna la kujibu.

Kiambishi: Zidiwa ni kupitwa, kwa nguvu au kwa idadi. Ila ichunge. "Hospitali imezidiwa na wagonjwa": vitanda havitoshi. "Wagonjwa wamezidiwa": ndugu waitwe haraka. Ukipanga vibaya umezua msiba.

Wa_Kisauni: Sijaona jibu kuhusu punda.

Binti_Madrasa: Mmesahau gharika, kutoka Kiarabu, mzizi wa kuzama. Siyo kila dimbwi la Kariakoo ni gharika! Na tufani: katika Kurani, sura ya 29 aya ya 14, ndiyo maji ya Nuhu. Sisi tumeifanya upepo.

Mzee_wa_Ngalawa: Upepo pamoja na mawimbi, binti yangu, hapo usitupunje. Na bahari haifuriki, jamani. Bahari hujaa na kupwa. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupanda sana na kupwa mbali sana. Ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ndogo. Anayeandika "bahari yafurika" siku ya bamvua hajatazama mwezi.

Pasua_Mbao: Na maji ya bamvua yakivuka ukuta, Mzee, yakaingia barabarani?

Mzee_wa_Ngalawa: Yamevuka ukuta. Kitenzi umekitaja mwenyewe.

Wa_Kisauni: Punda bado.