Re: Tiketi za kumwona Samatta – someni kabla hamjatuma hela

> Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Niko Leicester, huu mwezi wa nne tangu nifike. Kuna mtu fesibuku anauza tiketi mbili za fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley ya tarehe 1 Machi 2020, Aston Villa ya Samatta wetu na Man City, anataka nusu ya hela kwanza. Nitume? – Mdogo wenu

Marahaba mdogo wangu. Usitume hata paundi moja, na kama umeshatuma piga simu benki sasa hivi, usingoje kesho.

Nakwambia kwa sababu yalinikuta Novemba 2019, Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na Genk pale Anfield, tarehe 5, Samatta akiwa bado mchezaji wa Genk. Mechi ya kwanza kule Ubelgiji Genk walipigwa 4-1 na goli la kichwa la Samatta VAR, marefa wa video, wakalikataa, nikasema hii ya pili lazima niwepo mwenyewe. Nikampata mtu mtandaoni, nikamlipa paundi 120, akanitumia kwa posta kadi ya uanachama ya mtu mwingine, akasema ukigusisha getini unapita tu. Nikaomba ofu kazini, nikatoka Birmingham na treni hadi Lime Street, stesheni ya Liverpool, koti juu na jezi ya Taifa Stars ndani. Kugusisha, taa nyekundu. Nikagusisha tena, nyekundu. Yule wa getini akaniambia kwa upole kabisa kwamba kadi imefungwa. Nampigia yule mtu, simu haipatikani.

Nikabaki nje ukutani maana sikuwa na nguvu ya kuondoka. Usiku ule ndio Waingereza wanawasha mioto na kulipua fataki, kila mtaa mlio, ila goli la Wijnaldum wa Liverpool nililisikia, ukuta mzima ulitetemeka. Halafu kama dakika ya 40 uwanja ukanyamaza ghafla, zikabaki kelele za kona moja tu, ya wageni. Nikajua. Kabla sijafungua simu ikaingia sauti ya mdogo wangu wa Mbagala, Dar es Salaam, huko saa sita kasoro usiku, analia anasema kaka umeona, Samagoal kapiga kichwa cha kona, Anfield kaka, Anfield! Mtu wa Mbagala kaona, mimi niliye hatua chache kutoka nyavuni sikuona. Mechi ikaisha 2-1, Oxlade-Chamberlain aliwafungia Liverpool la pili, lakini mimi mpaka leo inaniuma ile dakika ya 40.

Sasa sikilizeni na wengine. Hapa Uingereza kuuza tiketi ya mpira bila ruhusa ya klabu ni kosa la jinai, sheria ipo tangu 1994, kwa hiyo huyo mlanguzi hata akikupa ya kweli klabu ikigundua inaifunga na hela yako imekwenda. Tiketi za fainali klabu inawapa kwanza wenye tiketi za msimu na walionunua mechi nyingi, sisi wa juzi tusijidanganye. Jiunge uanachama wa Villa kwenye tovuti yao wenyewe, utafute mechi za ligi za nyumbani. Ukija shuka stesheni ya New Street hapa Birmingham, panda treni ya Witton, karibu na uwanja wa Villa, dakika kama kumi, ukishuka fuata watu. Begi kubwa acha nyumbani. Na usinunue kiti cha upande wa wenyeji halafu uvae jezi ya wageni, watakutoa nje, mimi nimeshuhudia.

– Kaka yenu, Birmingham

> Pole sana bro, hiyo ya Anfield imeniguza. Sisi Wakenya usiku huo tulikuwa tumechanganyikiwa, Origi wetu alikuwa Liverpool lakini soka alijifunzia Genk, na babake Okoth aliwachezea hao hao Genk, so hata sikujua nishangilie nani mpaka Samatta akafunga, hapo nikaruka juu. Kwa wenye watoto: bei ya mtoto huwa chini sana, lakini lazima umsajili kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, usimbebe tu ukidhani ataingia bure. – Coventry

Asante kaka wa Coventry, hilo nilisahau kabisa.

Mdogo wangu wa Leicester, Jumapili ya tarehe 16 Februari Villa tunacheza nyumbani na Tottenham, saa nane mchana. Mimi uanachama ninao tangu wiki ile Samatta aliposajiliwa Villa, na juzi kwenye mechi na Bournemouth ameshafungua akaunti ya magoli ya ligi. Jiunge leo usiku, kesho asubuhi nitumie namba yako ya uanachama kwa ujumbe wa pembeni, sio hapa mbele ya watu wote, niangalie kama naweza kutununulia viti viwili pamoja. Hela utanipa ukishakaa kwenye kiti.

> Nimejiunga sasa hivi kaka. Bendera ninayo, ile kubwa. Nitakusubiri Witton saa sita na nusu.