Mjadala: Kubadilisha ekzosi ya pikipiki mwenyewe ni haki ya mwenye chombo au ni kero kwa umma?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kuna jambo linanikera kutoka pande zote mbili, nimeona nilitoe hapa tulijadili.

Ekzosi ya kiwandani imeoza au imekuchosha. Umenunua nyingine, spana unazo. Je, uifunge mwenyewe? Na ukishaifunga, nani mwenye kauli juu ya sauti inayotoka? Kundi la kwanza linasema chombo ni changu, nisipangiwe. Kundi la pili linataka kila ekzosi isiyo ya kiwandani ipigwe marufuku na anayekutwa nayo aadhibiwe bila maswali. Msimamo wangu ni huu: kazi ya spana ni haki ya mwenye pikipiki na asinyang'anywe. Sauti si yake peke yake, kwa hiyo ipimwe na iwe na kikomo.

Naanza na spana, maana wanaotaka marufuku wanaongea kana kwamba kazi hii haiwezekani nje ya karakana. Inawezekana, ila ina adabu yake. Ekzosi yangu ya kwanza niliivamia kwa haraka, bila kulowesha nati hata moja. Nati ya pili ikaanza kuzunguka kwa ulaini, nikadhani mambo yamenyooka. Kumbe haikuwa nati inayolegea, ilikuwa stadi yenyewe (bolti isiyo na kichwa ambayo nati hufungwa juu yake) inakatika. Ikabaki imezama ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imekatika sawasawa na uso wa alumini. Kuitoboa katikati bila kula uzi wa alumini kulinichukua siku mbili, na mkono ulikuwa unatetemeka. Tangu hapo nati za pale nazilowesha mafuta ya kupenya kutu tangu jana yake. Asubuhi, injini ikiwa baridi, nakaza kidogo kwanza ili ganda la kutu livunjike, ndipo nalegeza robo mzunguko, narudisha, nalegeza tena.

Kufunga nako kuna mpangilio wake. Gasketi ya mdomo wa silinda hedi iwe mpya, maana ya zamani imeshabonyea na haitaziba tena. Ning'iniza bomba lote kwanza kwa nati za kushikwa na vidole tu, hakikisha halijisukumi popote, halafu kaza kuanzia kwenye injini kurudi nyuma. Ukianza kukaza nyuma, bomba linabaki limejivuta, na mtetemo utalipasua penye mchomeleo. Angalia nafasi kati ya bomba na mpira wa breki, na kati ya sailensa (kopo la nyuma la kupunguza sauti) na mguu wa abiria. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, futa alama zote za vidole kwa spiriti. Mafuta ya ngozi yakiungua juu ya chuma kisichoshika kutu huacha doa la kudumu.

Mtu anayefanya hivi kwa utulivu hana kosa lolote kwangu. Kosa linaanza pale anapong'oa mrija wa ndani wa kupunguza sauti na kusema "sasa imefunguka". Karibuni.

Msafiri wa masafa marefu

Mkuu, kwenye spana tuko pamoja. Kwenye sauti nakupinga. Nimepanda pikipiki miaka mingi kati ya malori na magari ambayo madereva wake wameziba masikio kwa muziki. Hawanioni, basi angalau wanisikie. Mara mbili gari limeanza kuhamia upande wangu, nikapiga resi, likarudi kwenye mstari wake. Mnataka nipimiwe sauti mpaka nisagwe?

Mleta mada

Ndugu yangu, sidharau ulichopitia, na sitakuambia hizo mara mbili hazikutokea. Lakini tuangalie hatari inatokea wapi. Mwaka 1981 huko Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, waliochunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles kwa kufika zilipotokea. Zaidi ya robo tatu ya hatari zilizosababisha ajali hizo zilikuwa mbele ya mpandaji, ndani ya digrii 45 kila upande. Na katika ajali za gari na pikipiki, kisa kikubwa kilikuwa dereva wa gari kumkatia mwenye pikipiki njia yake.

Sasa mdomo wa ekzosi unatazama wapi? Nyuma. Anayekata kona mbele yako anasikia mabaki tu, tena ndani ya kioo kilichofungwa. Anayepata sauti yote ni uliyekwisha kumpita, na mtoto aliyelala nyumba ya tatu. Kwa gari linalokuhamia ubavuni honi ipo, na inaelekea mbele. Taa iwe imewashwa, nguo iwe inayoonekana, na usikae sambamba na gurudumu la nyuma la lori ambako dereva hana kioo kinachokufikia. Hivyo ndivyo vilivyokulinda miaka yote hiyo kuliko resi.

Fundi

Naomba niseme kama mtu anayeletewa hizi pikipiki baada ya "kujifunzia nyumbani". Mleta mada umeeleza kufunga vizuri, lakini umeruka jambo linaloua injini. Watu wanabadilisha ekzosi na kusahau mafuta.

Injini ya petroli inataka uwiano, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli ili vyote viungue vikaishana. Ukifungua njia ya moshi, na ukaweka na kichujio cha hewa kilicho wazi, hewa inaongezeka. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijui kuwa umebadilisha kitu. Mafuta yanabaki machache, moto unakuwa mkali, na valvu ya moshi ndiyo inayolipa. Dalili ziko wazi kwa anayetaka kuziona: ukiachia mafuta inalipualipua nyuma, resi inachelewa kushuka, bomba linageuka bluu karibu na injini, plagi inatoka nyeupe kama chaki. Vijana wanaupenda ule mlipuko, wanauona sifa. Mimi nikiusikia naanza kutafuta hewa inapoingilia.

Kwenye kabureta lazima uguse jeti, yaani vitundu vinavyopimia petroli. Jeti kubwa inahusika ukiwa umevuta mafuta mpaka mwisho, sindano inahusika katikati, jeti ndogo inahusika chini. Usibadilishe vyote siku moja, hutajua kipi kimefanya nini. Pikipiki zisizo na kabureta, zinazonyunyiza petroli kwa sindano za umeme, zina sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, nayo inarekebisha, lakini ndani ya mipaka yake na zaidi kwenye mwendo wa utulivu. Na kiungo kikivuja karibu na sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, inaongeza, unaanza kunywa petroli bila sababu.

Halafu injini inahitaji mgandamizo wa nyuma kwenye bomba, yaani moshi uzuiwe kidogo unapotoka. Ukiondoa wote, nguvu ya chini inakufa. Ndiyo maana nasema kazi hii waachiwe mafundi.

Mleta mada

Fundi, kuhusu mafuta umeniumbua kwa haki. Nilipaswa kuanza na hilo, na kila anayesoma hapa alisome mara mbili.

Ila kwenye mgandamizo wa nyuma sikubaliani nawe. Injini haihitaji kuzuiwa kutoa moshi. Nguvu ya chini inakufa kweli, lakini sababu ni nyingine. Valvu ikifunguka, wimbi la shinikizo linakimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapofunguka, linarudi likiwa wimbi la mvuto. Urefu na upana wa bomba vikiwa sawa, mvuto huo unafika kwenye valvu wakati ule moshi wa mwisho unatakiwa kutoka na hewa mpya inaanza kuingia, ukasaidia kusafisha chumba. Ukikata bomba, wimbi linarudi mapema, na faida inahamia kwenye mizunguko ya juu ambako pikipiki ya kazi haifiki mara nyingi. Ukiweka bomba pana mno, moshi unapoteza kasi.

Walioonyesha nguvu ya jambo hili ni watu wa injini za mipigo miwili. Miaka ya 1950 Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya pikipiki ya MZ, Ujerumani Mashariki, alilifinyanga bomba likawa na tumbo pana na mkia mwembamba ili mawimbi yafanye kazi pande zote mbili, kuvuta na kisha kurudisha ndani mchanganyiko uliotaka kutoroka. Mwaka 1961 mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na kujiunga na Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki wakatwaa ubingwa wa dunia wa sentimita za ujazo 50. Bomba lile halikuwa bomba la kelele, lilikuwa hesabu.

Nalisema hili kwa sababu linaharibu hoja ya "nimefungua ili niongeze nguvu". Kwenye injini ndogo ya silinda moja iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, kubadilisha kopo la nyuma peke yake kunaongeza nguvu kidogo sana. Kinachoongezeka ni sauti, na sikio linaidanganya akili kuwa chombo kimekuwa chepesi.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Mmejadili valvu na mawimbi vizuri. Mimi sijui jeti, najua kulala saa tatu asubuhi baada ya kukesha na wagonjwa. Pikipiki moja ya aina hiyo ikipita naamka, moyo unadunda, na usingizi haurudi mpaka saa sita. Aliyepita hata hajui nipo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa ukanda wa Ulaya lilishauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 45 usiku. Mnajua chombo kilichong'olewa mrija wa ndani kinatoa ngapi? Kwangu marufuku ni sawa kabisa. Haki ya spana yako iishie kwenye dirisha langu.

Msafiri wa masafa marefu

Dada pole, lakini marufuku inampiga hata asiyehusika.

Mleta mada

Dada, umesema kitu ambacho wapenda pikipiki hatukisikii vya kutosha, na sina la kukupinga kwenye usingizi wako. Desibeli zenyewe hazipandi kama hesabu ya kawaida. Zikiongezeka 10, nishati ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa mara mbili. Kwa hiyo anayesema "imeongezeka kidogo tu, desibeli 10" amewaongezea majirani kelele maradufu.

Lakini msafiri naye ana hoja. Mwaka 2020 jimbo la Tyrol, Austria, lilifunga barabara kadhaa za wilaya ya Reutte katika miezi ya kiangazi kwa pikipiki ambazo hati zake zinaonyesha zaidi ya desibeli 95 zikipimwa zimesimama. Kilichoangaliwa ni namba ya kwenye hati. Matokeo yake, mtu mwenye pikipiki ya kiwandani, iliyopita vipimo vyote vya kisheria, alizuiwa, hata kama anaendesha kwa upole. Wakazi wa mabonde yale walikuwa na haki ya kuchoka. Ila namba ya kwenye karatasi haikujua nani alikuwa anawasumbua.

Ninachotaka ni chombo chenyewe kipimwe. Kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa inaweka kikomo cha desibeli 73 hadi 77 kwa pikipiki mpya inayopita, kutegemea nguvu yake ikilinganishwa na uzito, kipaza sauti kikiwa mita 7.5 kutoka mstari inakopita. Marekani kikomo ni 80 kwa pikipiki za barabarani tangu toleo la 1986. Kipo pia kipimo cha kusimama, ambacho mtu yeyote mwenye mita ya sauti anaweza kukifanya: nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembe ya digrii 45, kwa mizunguko ya injini iliyoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki.

Nilifanya hivyo kwangu. Kibandiko kinasema 91. Ekzosi niliyofunga ikiwa na mrija wake wa ndani ilinipa 92. Nikautoa mrija ili nione, nikapata 101. Mrija wenyewe ni kipande kifupi chenye matundu, kinashikwa na skrubu moja. Nikaurudisha siku hiyohiyo. Na miezi kadhaa baadaye 92 ikawa 95 bila mimi kugusa kitu, kwa sababu pamba ya nyuzi za kioo iliyozunguka mrija ilikuwa imeungua na kupulizwa nje. Nikaibadilisha. Wengi hawajui kwamba pamba hiyo ina umri.

Mchangiaji mwingine

Mbona hamgusi katalaiza? Ile yenye vitundu kama masega ya nyuki. Watu wanaitupa.

Fundi

Swali zuri. Kwenye pikipiki nyingi za sasa katalaiza iko kwenye bomba la mbele au chini ya injini, kwa hiyo ukibadilisha kopo la nyuma tu hujaigusa. Ukibadilisha mfumo mzima, imekwenda. Ile ndiyo inayogeuza monoksidi ya kaboni na petroli isiyoungua kuwa kabonidioksidi na maji. Ukiondoa, moshi huo unakwenda kwa anayekufuata, na wa kwanza ni mwenye pikipiki mwenzako kwenye foleni. Hapo siungi mkono hata kidogo, awe fundi au mwenye chombo.

Na mleta mada, kuhusu mgandamizo wa nyuma, nimekuelewa kwenye mawimbi. Nitaacha kulitumia lile neno kwa wateja. Lakini bado nauliza: mtu akipima 92 mchana mbele ya askari, kisha jioni akatoa skrubu yako ile moja, utamkamata vipi?

Mleta mada

Skrubu ichomelewe, mrija usitoke bila kukatwa. Zipo ekzosi zinazotengenezwa hivyo, na ningependa zote zinazoingia barabarani ziwe hivyo. Mwenye kutaka kwenda uwanja wa mashindano anunue ya mashindano na aibebe kwenye gari.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Na anayepiga resi chini ya dirisha kwa ekzosi ya kiwandani, yenye mrija wake na katalaiza yake?

Mleta mada

Huyo kipimo cha kusimama hakimkamati, dada. Huyo anatakiwa apimwe akiwa anapita, pale pale barabarani, usiku. Hata mimi nipimwe hivyo. Nakaribisha mwenye njia bora.