Naomba ushauri: ada ya masomo na malipo mengine chuo kikuu cha umma

Habari zenu wakubwa. Mdogo wangu amepata nafasi chuo kikuu cha umma na mimi ndiye nitakayemlipia. Barua ya udahili inataja ada ya masomo, halafu chini yake kuna usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya na fedha ya tahadhari (amana ya kufidia mali ya chuo ikiharibika). Hosteli iko kando kabisa. Nimesoma maelekezo yote, nimepiga simu ofisi ya uhasibu, haipokelewi. Nina fedha za muhula mmoja tu, na naogopa sana akose usajili kwa sababu yangu.

Naomba kujua: yapi hulipwa mara moja tu na yapi hurudi kila mwaka? Na bima, kama tayari anayo ya mzazi, huwa wanaiondoa kwenye malipo?